Robo heka ya sufuria: jinsi ya kupanga kieneo cha nyumbani huku Nyanda za Juu Kusini ili watoto wale na miti yako ibaki

Wadau wa Iringa na Njombe kamwene, na wa Tukuyu ndaga fijo. Kuna swali linaulizwa kila siku huku kwetu, kwamba mikoa hii inalisha nchi nzima lakini watoto wake ndio wanaongoza kwa kudumaa, inakuwaje? Na siyo maneno ya mtaani, utafiti wa afya wa taifa wa 2022 uliiweka Iringa juu kabisa, asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe 50.4, wakati wastani wa nchi nzima ni 30. Halafu hiyo ndiyo mikoa ambayo ukipita Makambako msimu wa mavuno unakuta mafuso yamepanga foleni kubeba mahindi na viazi.

Sababu ziko nyingi jamani, kuna maji machafu, kuhara kwa watoto, mama anashinda shambani tangu alfajiri na mtoto kaachiwa dada yake wa miaka saba, kuna ulanzi pia, ile pombe ya mianzi, tusifichane. Lakini mimi nataka niongelee sababu moja ambayo iko mikononi mwa mwenye shamba mwenyewe, nayo ni kwamba shamba lote linalimwa kwa ajili ya gari, hamna kipande kinacholimwa kwa ajili ya sufuria. Mahindi ni ya kuuza, viazi vya kuuza, parachichi za kampuni, saunati, ile miti ya kupasua mbao, alafu mboga inanunuliwa gengeni kwa mafungu. Kwa hiyo hapa naeleza namna ya kutenga robo heka na kuipanga ili kila mwezi kuwe na kitu cha kuweka kwenye sahani zaidi ya ugali.

Robo heka ni ngapi? Kwa vipimo vyetu vya miguu heka ni hatua 70 kwa 70, basi robo yake ni hatua 35 kwa 35. Iwe karibu na nyumba, hili sibembelezi, maana bustani iliyo mbali haichumwi jioni mama akiwa kachoka na mbuzi wa jirani wanaijua kabla yako. Kama huna robo, fanya nusu yake, ili mradi kiwe ni kipande ambacho familia nzima imekubaliana kwamba hakiguswi hata bei ya mbao ikipanda vipi. Na hayo makubaliano yafanyike kwa mdomo mbele ya baba na mama wote wawili, kwa sababu huku kwetu anayeamua saunati ipandwe wapi mara nyingi siye anayeamua leo tunakula nini.

Kabla hujashika jembe chukua daftari la mtoto, chora miezi 12, chini ya kila mwezi andika mnakula nini ambacho hamjanunua. Uwe mkweli. Wengi watakuta Februari mpaka Mei pamejaa, kuna mboga za maboga, maharage mabichi, mahindi ya kuchoma, uyoga, maboga yenyewe. Juni na Julai pako vizuri kiasi. Ukifika Septemba, Oktoba, Novemba unakuta umeandika "ugali maharage" tu mpaka mstari unaisha, na Januari hata mahindi yenyewe yanatetereka kwa waliouza yote. Hizo nafasi tupu ndizo za kujaza, bustani yako haina kazi ya kuongeza mboga mwezi wa tatu wakati mboga zinajiotea zenyewe hadi kwenye jalala.

Na hapohapo piga hesabu ya mahindi kabla dalali hajafika. Familia inayotumia kilo mbili za unga kwa siku inahitaji kilo 730 kwa mwaka, yaani magunia saba ya kilo mia na ushee, hapo hujaweka wageni, msiba na pumba inayobaki mashineni, so weka tisa. Hayo tisa yatoke kwanza, yakaushwe, yafungwe, ndipo kinachobaki kiitwe cha kuuza. Watu wanafanya kinyume, wanauza kwanza mwezi wa saba bei ikiwa chini alafu mwezi wa kwanza wananunua debe kwa bei ya kulia.

Kukausha kuna kipimo rahisi kisichohitaji mashine. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka chumvi kavu vijiko viwili vitatu vya chakula, weka mahindi yafike kama theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika kadhaa, alafu iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa mahindi yako bado yana maji, rudisha juani. Ikianguka yote chini safi weka stoo. Ukihifadhi yenye unyevu unafuga fangasi, na fangasi ndio wanaleta sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupika wala kwa kuosha. Mifuko ya PICS ile yenye nailoni mbili ndani inasaidia sana dhidi ya dumuzi na huhitaji dawa, ila funga kila nailoni peke yake kwa kuisokota shingo na usiifungue fungue kila siku, hewa ikiingia mdudu anafufuka.

Haya tuingie shambani. Cha kwanza jua uko ukanda gani, maana "Nyanda za Juu Kusini" ni jina moja lakini hali ya hewa ni nyingi. Makete, Mufindi ya juu, Uporoto na sehemu kubwa ya Njombe kuna barafu ya asubuhi Juni mpaka Agosti, papai na ndizi huko ni kujitesa, pichi na tufaa zinakubali. Rungwe mvua inanyesha karibu mwaka mzima na udongo ni wa volkano, ndizi, magimbi na parachichi vinaota utadhani vimeahidiwa kitu. Ukishuka Kyela au Mbarali ni joto, miembe, papai, bamia, matembele. Isimani ni kukavu, huko mtama, mbaazi, kunde na alizeti vina akili kuliko mahindi. Kwa hiyo usikopi bustani ya mtu uliyemuona mtandaoni, tembea kijijini kwako angalia ni nini kinabeba bila kubembelezwa.

Mpangilio wenyewe mimi naupendekeza hivi. Miti mirefu yote iwe upande wa kusini wa kieneo, sababu kwetu huku wakati wa baridi jua linapita upande wa kaskazini, ukiweka miti kaskazini bustani yako itakaa kivulini miezi ileile ambayo tayari ina baridi. Mstari huo wa kusini uwe mgrevilea michache kwa ajili ya kuni na nguzo, kwenye mpaka panda kaliandra au sesbania, hizi mbili ni za kukata kata, majani unalisha mbuzi au ng'ombe, matawi unapata kuni nyembamba za jioni, na zinarudisha naitrojeni kwenye udongo. Mama aliye na kuni mpakani mwa shamba lake haendi porini na hiyo muda anaobaki nao unaenda kwa mtoto, watu hawaihesabu hiyo kama lishe ila ni lishe.

Mikaratusi usiilete kwenye robo heka hata kwa zawadi. Inakunywa maji na chini yake hakikui kitu.

Baada ya mstari wa miti mirefu inakuja miti ya matunda. Parachichi mbili tatu zinatosha familia, iwe miche iliyobebeshwa, kutoka mti hadi mti mita 7, shimo la sentimita 60 kwa 60 kwenda chini 60, udongo wa juu uweke pembeni uchanganye na debe moja la samadi iliyooza kabisa kisha rudisha. Pale ilipobebeshwa pabaki juu ya udongo, na usipande sehemu maji yanasimama, parachichi ikikaa kwenye maji mizizi inaoza na mti unakauka kuanzia juu huku wewe unaendelea kumwagilia ukidhani ni kiu. Katikati ya parachichi wakati bado ni ndogo weka matunda damu, haya ndiyo siri ya nyanda za juu, mche unazaa ndani ya miaka miwili wakati parachichi bado inajifikiria. Pasheni ipande kwenye uzio. Kama uko ukanda wa joto kidogo ongeza papai na migomba, na migomba uiweke pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa.

Kwanini matunda tofauti tofauti? Kwa sababu ya ile chati ya miezi 12. Pichi zinakuja zote kwa mkupuo kisha zinaisha, hamna familia inaishi kwa pichi. Unatafuta kitu kimoja kinachotoa kila baada ya miezi miwili mitatu.

Sehemu ya katikati, ile kubwa, ni mahindi, maharage na maboga pamoja kama bibi zetu walivyofanya kabla mtu hajawaambia walime zao moja. Maharage ya Njano Uyole yanapendwa na sokoni yana bei, ila kwa sufuria aina yoyote inayoiva haraka ni nzuri maana inaokoa kuni. Maboga yanafunika udongo, unakula majani, unakula boga, mbegu zake unakaanga unasaga kwenye mboga. Kipande cha hatua kumi kwa kumi hapo weka viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, kuna Kabode na Mataya, vina vitamini A ambayo viazi vyeupe havina. Kwenye miinuko ya baridi sana vinachelewa kukomaa, huko ongeza karoti. Marando ya viazi hivyo hifadhi sehemu yenye unyevu wakati wa kiangazi vinginevyo kila mwaka utakuwa unaomba mbegu.

Sasa mboga za majani, na hapa nitakaa kidogo. Watu wengi wakisikia bustani wanapanda chainizi matuta sita kwa siku moja, inakomaa yote siku moja, wanakula wiki mbili wanachoka, nyingine inatoa maua, mwisho wa bustani. Panda tuta moja kila baada ya wiki tatu. Na changanya ya kuchuma mara moja na ya kuchuma muda mrefu: sukuma wiki ukiichuma majani ya chini tu inakwenda miezi na miezi, mnavu ukiukata unachipua, mchicha uko tayari ndani ya mwezi, figiri inavumilia baridi. Majani ya kunde na ya maboga unayo bure kutoka kule katikati.

Kiangazi ndiyo mtihani. Kuanzia Mei matuta yasiwe ya kuinuka, yawe ya kuzama, unachimba chini kiganja kimoja, unaweka samadi, unapanda ndani ili maji yasikimbie, alafu unafunika na majani makavu. Ukiwa na shida ya maji kabisa tengeneza bustani ya gunia mlangoni kwa jiko. Chukua salfeti ya mbolea uioshe, tafuta kopo kubwa la rangi ulilotoboa na kutoa kitako, lisimamishe katikati ya gunia chini kabisa, ndani ya kopo jaza mawe madogo, nje ya kopo jaza udongo uliochanganywa na samadi, kisha vuta kopo juu taratibu mawe yabaki, jaza tena mawe na udongo, vuta tena, mpaka gunia lijae na katikati kuna nguzo ya mawe toka chini hadi juu. Hiyo nguzo ndiyo bomba lako, maji unamwagia juu ya mawe yanasambaa mpaka chini. Toboa ubavuni matundu kwa kisu, yapishane, panda spinachi au sukuma kwenye kila tundu na juu pia. Ndoo moja asubuhi ya maji yaliyooshea mchele au mboga inatosha. Kwa watu wa mjini pale Uyole, Mafinga au Kihesa wenye uwanja wa kupaki pikipiki tu, hii ndiyo robo heka yenu.

Mifugo midogo iwe humo humo. Kuku wa kienyeji kumi wanaochanjwa kideri kila baada ya miezi mitatu, kwa dawa ya kudondosha jichoni, ni bora kuliko hamsini wasiochanjwa ambao wataisha wote wiki moja ya Septemba. Makubaliano ya pili ya familia yawe kwenye mayai, kwamba mayai ya kuku watatu ni ya watoto na ya mjamzito, hayauzwi hata kama chumvi imeisha. Na simbilisi jamani msiwadharau, najua wengine wanaona ni nyama ya kitoto, lakini anakula majani na maganda, anazaliana haraka, hahitaji banda la bati, na mtoto wa shule anaweza kuwahudumia mwenyewe. Kama hufugi, usipa wa Ziwa Nyasa wapo soko lolote la Mbeya, ukiwakaanga na kuwasaga unga kijiko kimoja kinaingia kwenye uji na kwenye mboga, mtoto hata hajui.

Chakula kikishapatikana bado kuna kazi jikoni. Mtoto mpaka miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Akitimiza miezi sita usianze na uji mwembamba wa sembe ule wa kumwagika, huo ni maji ya moto yenye rangi. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu kwenye kukoboa kiini na ganda vinaondoka na madini na vitamini B vinaenda kwa nguruwe, ila dona inataka mahindi masafi yaliyokauka, nimeshaeleza kuhusu chupa. Uji wa lishe usiuchanganye nafaka nane na mikunde mitano kama wanavyouza kwenye viroba, nafaka moja na karanga kidogo zilizochambuliwa vinatosha, ulezi wetu huu wa Mbozi na Sumbawanga ni mzuri sana. Soya kama unaitumia lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kwanza, mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kutumia protini. Parachichi ile ambayo kampuni wameikataa kwa sababu ya kovu kwenye ganda, ndani ni ileile, iponde mpe mtoto, ni mafuta hayo. Na kwa watu wa Mufindi, najua chai ni damu yenu, ila msiinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma kufyonzwa, subirini kama saa moja hivi. Chuma hicho cha kwenye maharage na mchicha kinafyonzwa vizuri zaidi ukila na tunda lenye vitamini C, pasheni au chungwa.

Msitu nao una nafasi yake kwenye hii hesabu. Tukisema msitu huku watu wanafikiria saunati tu, lakini shamba la saunati halikulishi kitu kwa miaka mingi, ukipanda leo, mbao nzuri ni miaka 18 kwenda juu, wanaovuna kwenye miaka kumi wanauza vijiti. Ukiwa unapanda, miaka ile miwili ya mwanzo weka maharage kati ya mistari, yanakulipa palizi na miti inafaidika, baadae kivuli kinafunga. Weka barabara ya moto, yaani mkanda mtupu usio na majani wa kuzuia moto, kuzunguka shamba na uisafishe kabla ya kiangazi kuanza, na usipande heka zote kwa mkopo wa matumaini.

Msitu wa asili ndio unaolisha. Miombo inatoa uyoga mwezi wa kwanza mpaka wa nne, matunda pori kama makusu na misada, asali, dawa. Kijiji chenye msitu wake kina stoo ya pili ambayo hailimwi wala haipaliliwi, kikiufyeka chote kwa ajili ya mkaa na saunati kinanunua vyote hivyo kwa hela. Uyoga ujifunze kwa wazee wa eneo lako kabisa, siyo kwa picha za simu, na usiokuwa na uhakika nao uuache palepale. Makusu okota yaliyoanguka, usitikise mti, mabichi hayafai na unaharibu ya wiki ijayo.

Chemchemi ndiyo ya mwisho ila ndiyo inaamua kama bustani ya Oktoba ipo au haipo. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na siyo sheria ya kuonea watu, angalieni vijiji ambavyo mikaratusi imepandwa mpaka mdomoni mwa kisima, kina mama wanaamka saa tisa usiku kupanga ndoo. Kama ipo, pelekeni hoja kwenye serikali ya kijiji ikatwe kwa awamu, visiki vitolewe ama vichomwe maana mkaratusi unachipua, na pale pandeni miti rafiki wa maji, mivengi na mikuyu, miche yake unaweza kuotesha kutokana na mbegu zilizoanguka chini ya miti ya zamani iliyobaki mabondeni.

Ratiba ya kuanzia: Agosti na Septemba chimba mashimo ya miti na kusanya samadi, rundo lifunikwe lisipigwe na jua. Oktoba tengeneza magunia mawili ya mboga, hayo hayasubiri mvua. Mvua ikishika vizuri Novemba au Desemba, siyo ile ya kwanza ya kudanganya, panda mahindi na maharage, na miche ya miti ipande wakati huo huo ili ipate mvua zote mpaka Aprili. Viazi lishe Januari. Ikifika Machi anza kitalu cha mboga za kiangazi wakati kila mtu ana mboga na anakucheka, miche itakuwa tayari kuhamia kwenye matuta ya kuzama Mei. Mbegu za mnavu, mchicha na maboga usinunue kila mwaka, acha mashina mawili matatu yakomae, zikaushe kivulini, weka kwenye chupa na majivu kidogo, andika mwaka kwenye karatasi uifunge humo.